Ufunguo na Hodi

Kiolesura cha programu, ambacho mafundi wa kompyuta hukiita kwa herufi tatu, API, ni mlango uliotengenezwa kwa ajili ya mashine. Mtu anayesoma mtandao wa kijamii kwa macho yake hupita chapisho moja baada ya jingine, hucheka, hukasirika, huchoka, kisha huzima simu. Programu inayoingia kwa mlango huu haichoki. Hutuma ombi ikionyesha ufunguo iliopewa, na hurudishiwa orodha: maneno ya chapisho, saa na dakika yalipoandikwa, namba ya utambulisho ya mwandishi, anwani za picha na video zilizoambatishwa, jina la mji ambao mtumiaji aliutaja katika wasifu wake, idadi ya waliolipenda chapisho na waliolisambaza. Ukurasa mmoja ukimalizika, huomba unaofuata. Kwa usiku mmoja, mazungumzo ambayo watu waliyafanya kwa miaka 10 yanaweza kuwa faili moja katika kompyuta ya mtu ambaye hakuwahi kuyashiriki.

Mara nyingi jambo hili hujadiliwa kama suala la ufundi au la sheria: ufunguo ni halali au si halali, mkataba wa kampuni umefuatwa au umevunjwa. Lakini chini ya sheria kuna swali la zamani zaidi ambalo waswahili wa pwani walilijibu kwa neno moja la mlangoni. Aliyepewa ufunguo na mwenye jengo, je, ameshakaribishwa na wanaoishi ndani yake?

Swali hilo huwa zito zaidi linapowahusu watu wachache, na wazungumzaji wa Kiswahili wa Louisville, Columbus na Buffalo ni mfano ulio wazi. Louisville, katika jimbo la Kentucky, imepokea wakimbizi wengi kutoka mashariki ya Kongo na Burundi. Columbus, Ohio, ina mojawapo ya jumuiya kubwa za Wasomali nchini Marekani, na miongoni mwao wamo Wabarawa, wasemaji wa Chimiini, lahaja ya kaskazini kabisa ya Kiswahili, ambayo wenyewe walitawanyika baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Buffalo, jirani na mpaka wa Kanada, ina Wakongo na Wabantu wa Somalia, ambao wengi wao walikizoea Kiswahili katika kambi za Dadaab na Kakuma. Kiswahili cha Bukavu hukutana huko na cha Mombasa na cha Kigoma, makanisani, misikitini, kwenye vituo vya basi wakati wa theluji, na zaidi ya yote ndani ya simu.

Kwa mwanaisimu, hii ni hazina. Na achukuliwe mtafiti mmoja wa kufikirika, mwenye nia njema, anayetaka kujua jinsi viambishi vya ngeli vinavyobadilika kinywani mwa vijana waliozaliwa kambini na kusomea Marekani. Anaomba ufunguo, anakubali masharti, anaandika mistari michache ya programu, na anaanza kuvuna machapisho ya Kiswahili kutoka miji hiyo mitatu. Hajadanganya wala hajaiba nywila ya mtu. Kosa liko wapi, kama lipo?

Jibu la kwanza linalotolewa kumtetea ni kwamba waandishi wenyewe waliruhusu walipofungua akaunti. Hapo ndipo tofauti ya mwenye jengo na mpangaji inapoanza kuonekana. Ufunguo hutolewa na kampuni, na masharti huandikwa na kampuni kwa lugha ambayo wapangaji wengi hawakuisoma, na wengine hawangeweza kuisoma. Historia imekwisha kuonyesha ruhusa ya namna hiyo inavyoweza kunyooshwa. Mwanzoni mwa muongo uliopita, kiolesura cha Facebook kiliiwezesha programu kuchukua taarifa za marafiki wa aliyeikubali, ingawa marafiki hao hawakuulizwa chochote. Programu ya maswali ya nafsi iliyotengenezwa na Aleksandr Kogan iliwekwa na watu wapatao 270,000. Kampuni ya Facebook yenyewe ilikadiria mwaka 2018 kwamba taarifa za watu hadi milioni 87 huenda zilifika kwa Cambridge Analytica. Ni kampuni hiyohiyo ambayo wakuu wake walinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 ya Uingereza wakijisifia kazi waliyoifanya katika kampeni za uchaguzi wa Kenya za 2013 na 2017. Kila mmoja wa wale 270,000 alifungua mlango wake, na milango ya jirani ikafunguka pamoja nao.

Jibu la pili lina nguvu zaidi: machapisho yalikuwa ya hadharani, na yaliyosemwa hadharani ni ya kila mtu. Hoja hii inastahili kupimwa kwa mizani ya baraza. Baraza la nyumba ya Kiswahili liko nje. Apitaye njiani husikia yanayosemwa, na wanaozungumza wanalijua hilo. Hakuna amlaumuye mpita njia kwa kusikia. Lakini mtu akija na daftari kila jioni, akaandika kila neno la kila aliyeketi, akalipanga kwa jina na saa, akafanya hivyo kwa miaka 10 na kulipeleka daftari mji mwingine, hakuna mwenye baraza atakayekubali kwamba huyo naye alikuwa mpita njia. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni mahali yalipopelekwa na kazi yaliyopewa. Mwanafalsafa Helen Nissenbaum amelieleza wazo hili kwa kusema kwamba faragha huvunjwa pale taarifa inapotiririka kinyume cha desturi za mazingira ilimotolewa, hata kama haikuwa siri.

Wanazuoni hujibu kwamba majina yatafutwa. Mwaka 2008 watafiti walitoa hadharani data ya Facebook ya wanafunzi zaidi ya 1,600 wa chuo ambacho hakikutajwa, majina yakiwa yameondolewa. Haikuchukua muda mrefu chuo kikatambuliwa kuwa Harvard, na Michael Zimmer akaonyesha katika makala ya 2010 jinsi orodha ya masomo na maelezo mengine madogo yalivyotosha kukifichua. Ikiwa chuo kizima hakikuweza kujificha, mama wa Kibarawa mwenye kuandika Chimiini mjini Columbus atajificha wapi? Lahaja yake peke yake ni alama ya kidole. Kadiri lugha inavyokuwa adimu, ndivyo mtafiti anavyoitamani zaidi, na ndivyo msemaji wake anavyotambulika kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, kufunga mlango kabisa nako kuna madhara. Lugha isiyokusanywa haifundishwi kwa mashine. Haina kamusi nzuri za kompyuta, wala tafsiri ya kuaminika hospitalini au mahakamani. Mwaka 2023 watafiti wa Kiafrika walitoa AfriSenti, mkusanyiko wa machapisho zaidi ya 110,000 ya Twitter katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, yaliyosomwa na kuwekewa alama na wasemaji wa lugha hizo wenyewe. Kazi hiyo isingewezekana bila kiolesura. Mwaka huohuo Twitter iliondoa njia ya bure ambayo wanafunzi na wanachuo walikuwa wakiitumia, na daraja mojawapo la kulipia likawekwa kwa dola 5,000 kwa mwezi. Bei hiyo haikuwalinda wapangaji. Iliamua tu ni wageni gani wataingia: wenye fedha watatazama, wenye maswali watabaki nje.

Buffalo inalijua hitaji la kutazama kwa uchungu wake. Tarehe 14 Mei 2022 kijana mbaguzi wa rangi aliwaua watu weusi 10 katika duka la Tops kwenye barabara ya Jefferson, akirusha mauaji hayo mubashara kwa Twitch. Twitch iliyakata matangazo chini ya dakika 2 baada ya risasi kuanza, lakini nakala zilikwisha kutoka, na moja ilitazamwa zaidi ya mara milioni 3 kabla ya kuondolewa. Maji yakimwagika hayazoleki. Ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa New York ya Oktoba mwaka huo ilichunguza jinsi muuaji alivyolishwa chuki mitandaoni, na uchunguzi wa aina hiyo hauwezi kufanywa na mtu aliyezuiwa kuona. Nakala hizohizo, kwa upande mwingine, ni dakika za mwisho za watu waliokwenda kununua chakula, na familia zao hazikumruhusu yeyote kuzihifadhi. Mtafiti wa chuki na mtazamaji wa burudani hupita mlango mmoja, na mlango hauwezi kuwatofautisha.

Kwa wakimbizi, jambo hili lina historia ndefu kuliko mitandao. Watu hawa wameorodheshwa kambini, wamechukuliwa alama za vidole, wameulizwa majina ya ndugu waliokufa. Kaskazini mashariki mwa Kenya, katika eneo la Garissa, kuna maelfu ya raia Wakenya walioandikishwa kama wakimbizi katika miaka ya ukame ili wapate chakula cha msaada. Walipofikia umri wa kuomba kitambulisho, alama zao za vidole ziliwataja kuwa wageni katika nchi yao. Taarifa iliyotolewa kwa ajili ya mgao wa unga ikageuka pingu. Tangu 2019, waombaji wengi wa viza za Marekani hutakiwa kutaja majina wanayoyatumia mitandaoni. Mwezi Agosti mwaka huohuo mwanafunzi wa Kipalestina aliyekuwa akienda kuanza masomo Harvard alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Boston, na alieleza kwamba aliulizwa juu ya machapisho ya marafiki zake. Baadaye aliruhusiwa kuingia. Mtu wa Louisville mwenye dada anayesubiri safari katika kambi ya Nyarugusu ana sababu ya kuuliza ni nani mwingine atakayelisoma daftari la mtafiti mwema.

Ndipo neno la mlangoni linaporudi. Katika nyumba nyingi za pwani mlango hukaa wazi mchana kutwa, na bado mgeni hupiga hodi. Hupiga mara tatu, asipojibiwa, huondoka. Uwazi wa mlango hauchukuliwi kuwa jibu, na ukimya wa mwenyeji hauchukuliwi kuwa karibu. Masharti ya mitandao yamejengwa juu ya kinyume chake: asiyekataa amekubali.

Itasemwa kwamba hodi haiwezekani kwa watu 10,000. Pengine. Lakini asiyeweza kuwauliza wote anaweza kuchukua kidogo. Anayechunguza viambishi vya ngeli hahitaji picha za harusi wala sura za watoto, na kiolesura humruhusu kuchagua sehemu anazoziomba. Anaweza kulitangaza kusudi lake kwa Kiswahili ndani ya kundi lenyewe, akasema data itakaa kwa muda gani na njia ya kukataa ni ipi. Anaweza pia kuzungumza na wazee wa jumuiya, akikumbuka kwamba mwenyekiti hana mamlaka ya kumsemea mwanamke aliyejificha kutoka kwa mume aliyemkimbia. Ruhusa ya wazee hupunguza ugeni wa mtafiti. Haichukui nafasi ya ruhusa ya mtu mwenyewe.

Kisha kuna wajibu unaokuja baada ya kuingia, nao una jina: amana. Kitu cha amana hakiuzwi, hakitumiwi kwa kazi nyingine, na mwenyewe akikitaka hurudishiwa. Twitter iliwahi kuweka kanuni inayokaribia sana wazo hili, iwe kwa heshima au kwa biashara. Watafiti waliokuwa wakigawana mikusanyo mikubwa walitakiwa kugawana namba za machapisho tu, bila maneno yake. Anayetaka maneno huzirudisha namba hizo kwenye kiolesura, naye hupewa yale tu ambayo waandishi wake hawajayafuta. Wengi waliilalamikia kanuni hiyo, kwa kuwa mkusanyo hupungua kila mwaka na utafiti hauwezi kurudiwa sawasawa. Malalamiko yao ni ya kweli. Ni kweli pia kwamba kila pengo katika orodha ni mtu aliyerudi kuchukua kilicho chake.

Mtafiti wa kufikirika, kazi yake ikikaribia kuchapishwa, huzirudisha namba zake mlangoni kwa mara ya mwisho. Baadhi zinarudi tupu. Miongoni mwake imo sentensi ya kijana mmoja wa Buffalo, sentensi yenye upatanisho wa ngeli ambao haujaandikwa katika kitabu chochote, mfano bora kuliko yote aliyokusanya, na sura nzima imejengwa juu yake. Faili bado anayo. Hakuna kampuni itakayomwona wala sheria itakayomkamata. Anaiondoa sentensi, na sura anaiandika upya.