Amri ya Tano Juu ya Ngazi

Mji wa Kongolo, ulio kando ya mto Lualaba, hujengwa kwa mikono ya watu. Mwashi hupanda na matofali, mwezekaji hukaa juu ya miti ya paa, mpaka rangi husimama katika ngazi. Mmoja akianguka, watu huulizana upesi: Nani amemroga? Wengine husema: Ni adhabu ya Mungu.

Yesu Kristu alikwisha kulijibu neno hilo. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, alikumbusha habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akafundisha ya kuwa hao hawakuwa wakosefu kuliko wengine; bali kila mtu na atubu. Basi aliyeanguka asihukumiwe, wala jirani yake asisingiziwe uchawi. Iangaliwe kwanza kamba ya jukwaa: je, haikuoza kwa mvua? Uangaliwe mguu wa ngazi: je, haukusimamishwa katika matope?

Tena zamani Mungu aliagiza, katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, kwamba ajengaye nyumba mpya auzungushie ukingo juu yake, asije akadaiwa damu ya mtu atakayeanguka. Nyumba za nchi ile zilikuwa na paa tambarare, na watu walikaa juu yake. Tazameni: agizo hili hapewi mwenye kuanguka, hupewa mwenye nyumba. Naye Papa Yohane Paulo wa II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya mahali pa kazi pasipomdhuru.

Kibarua huogopa kukataa kupanda, kwa maana watoto wake wanangoja unga. Ndiyo sababu mzigo huu ni wa yule anayemtuma. Mwenye nyumba na kapita waishike amri ya tano kwa matendo: ngazi ikifika meta 4 ukutani, mguu wake uwe mbali na ukuta meta 1, jukwaa liwe na ukingo, miti mibovu itupwe, mvua ikinyesha, watu washuke. Mtu akianguka, asiinuliwe kwa pupa wala asipindwe shingo na mgongo. Apelekwe hospitali amelazwa juu ya ubao.

Kamba mpya hununuliwa sokoni. Baba wa watoto hanunuliwi.

Mtakatifu Yosefu, seremala wa Nazareti, awaombee wote wapandao leo, washuke jioni wakiwa wazima.