Kofia na Kichwa

Yako maswali ya maadili ambayo hayazeeki. Mojawapo ni hili: je, mtu aliyetimiza kanuni ametimiza pia wajibu wake?

Vijana wetu siku hizi wana michezo ya kuigiza inayochezwa mezani. Ule ulio mashuhuri zaidi, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji ni shujaa wa kubuni mwenye pointi za uhai, na vita huamuliwa kwa dadu. Akipigwa, pointi hupungua. Lakini aliyebakiwa na pointi moja hupigana sawasawa na mwenye pointi zote. Vazi lake la vita nalo humkinga leo kama lilivyomkinga jana, hata kama limepigwa mara mia.

Siwalaumu watunzi wake. Kanuni isiyofupisha mambo haichezeki. Hata hivyo, kila afupishaye amechagua cha kuacha, na mezani hakiumii kitu. Shida huanza tunapochukua hesabu ya namna hiyo tukaenda nayo barabarani.

Tazama bodaboda kati ya Bukoba na Muleba. Sheria inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu. Askari akiiona kichwani, humwachia apite. Kofia ipo, pointi zimehesabiwa. Nani anauliza ndani yake mna nini?

Nami ninayependa hesabu nakuomba, msomaji, tukokotoe pamoja. Kichwa kikianguka kutoka kimo cha mita moja na nusu, kikasimamishwa ndani ya milimita 3 tu, nguvu ya kukisimamisha ni takribani mara 500 ya uzito wake. Kikisimamishwa polepole zaidi, ndani ya milimita 25, ni takribani mara 60. Tofauti hiyo yote huletwa na ule utando mweupe wa povu gumu ulio ndani ya kofia, jamaa ya lile linalofungiwa redio mpya katika boksi. Gamba la nje peke yake hulipokea pigo na kulikabidhi kwa fuvu.

Bibi zetu walilijua jambo linalofanana na hili. Hakuna aliyeweka mtungi wa maji juu ya utosi mtupu. Alisokota ngata ya majani makavu ya mgomba kwanza.

Lakini povu lina tabia moja ambayo ngata haina: hulinda kwa kupondeka, na likishapondeka haliinuki tena. Kwa hiyo kofia iliyokwisha kuanguka na mtu imemaliza kazi yake, ingawa kwa nje yaweza kung'aa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 miongoni mwa waendesha pikipiki wanaopata ajali. Hiyo ni faida ya kofia kamili, si ya gamba.

Dereva atanijibu kwamba kofia nzuri ni ghali, na mbovu ni afadhali kuliko utupu. Kwa kichwa chake mwenyewe, ana haki ya kupima hasara yake. Lakini anapompa abiria kofia ambayo utando wake umeng'olewa au umepondeka, hampi kinga pungufu tu, bali anampa na imani isiyo ya kweli. Mama aliyepakiwa na mtoto mgongoni hana nafasi ya kuikagua. Ameliamini neno la aliyemkabidhi. Askari ameridhika, sheria imeridhika, na mama yule amedanganywa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kutimiza kanuni hakutoshi pale ambapo mwingine ndiye atakayepokea pigo. Kanuni huona kofia. Anayejua kilichomo ndani ni mwenye kuitoa, na kwa kuwa anajua, wajibu ni wake. Kabla ya kumkabidhi mtu kofia, na aigeuze atazame ndani.