Siku ya Kuvua Gamba

Mafahali wawili hawakai zizi moja, walisema wazee wetu. Sisi wa Kibiti, ambao mikoko ya delta ya Rufiji iko mlangoni petu, tungeweza kusema vivyo hivyo juu ya kaa. Kaa wa mikoko ana magando ya kuvunja kombe na kukata kidole, na hapendi jirani. Katika insha hii tunataka kutazama jinsi watu wa delta wanavyomfuga mnyama huyu mkali, kisha tujiulize swali ambalo limetusumbua usharikani kwa miaka kadhaa: je, amani inayopatikana kwa watu kuwekwa mbalimbali ndiyo amani anayoitaka Kristo, au ni ukimya tu?

Tulikwenda delta, akina mama na vijana wa usharika, kujifunza kunenepesha kaa. Tulipanda mtumbwi Nyamisati na kuingia kwenye mikondo ya mikoko. Mwenyeji wetu alikuwa mzee Mwislamu ambaye amevua kaa tangu utoto wake. Alitueleza kwamba kaa wengi wanaonaswa ni wepesi: ukimbonyeza, gamba linabonyea, na ndani kuna maji kuliko nyama. Mnunuzi humkataa, au humchukua kwa bei ya kutupa. Kaa wa namna hiyo hutiwa kizimbani akalishwa vichwa na matumbo ya samaki kwa wiki chache mpaka ajae nyama. Akishajaa hufungwa magando kwa kamba na kupelekwa Dar es Salaam, na wengine husafirishwa nje ya nchi wakiwa hai.

Kizimba chenyewe ni sanduku la mianzi lililowekwa ukingoni mwa mkondo, ili maji ya bahari yapande na kushuka ndani yake. Kimegawanywa vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina kaa mmoja.

“Babu, kwa nini mmoja mmoja?” kijana wetu aliuliza. “Si mngeweka wawili mkaokoa mianzi?”

“Mjukuu wangu,” mzee alijibu, “ukilaza wawili, asubuhi utamkuta mmoja na vipande. Huyu hana rafiki siku ya kuvua gamba.”

Jibu hilo ndilo tuliloondoka nalo. Kaa hakui kama mtoto anavyokua. Gamba lake ni gumu na halitanuki, kwa hiyo akitaka kuongezeka hana budi kulipasua, ajichomoe kinyumenyume, na kuliacha. Anatoka akiwa laini kama nyama ya chaza. Hunywa maji akavimba, kisha hungoja siku kadhaa mpaka gamba jipya likauke na kuwa gumu. Siku hizo hawezi kupigana, na magando yake hayana nguvu. Mwenzake mwenye gamba gumu akimkuta, humla. Basi saa ile ile anayokua ndiyo saa anayoweza kuliwa.

Wako wafugaji wanaotumia uzio mpana badala ya vyumba, lakini nao wana masharti yao. Kaa wasijazwe wengi. Wawe wa ukubwa unaolingana, maana mkubwa humwonea mdogo. Walishwe vya kutosha, maana njaa huongeza ukali. Tena pawe na maficho, kama matawi au vipande vya bomba, ili aliyevua gamba apate pa kujisitiri. Kijana mmoja wa kwaya yetu, ambaye aliwahi kufanya kazi hotelini Dar es Salaam, alisema hata wale wanaofuga samaki wa bahari ndani ya vioo huanza na maswali mawili: maji yatoshe kiasi gani, na nani akae na nani. Samaki mgomvi huingizwa mwisho, wapole wakiwa wameshazoea mahali. Akiwa yumo tayari na amejitwalia kila pembe, mawe hupangwa upya kabla ya kumleta mgeni, ili wote waanze sawa.

Somo la kwanza, basi, ni kwamba kumpa mtu nafasi si kukosa upendo. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha pamoja. Abramu hakumhubiria Lutu uvumilivu. Alimpa achague upande, naye akachukua uliobaki. Isaka naye alichimba kisima wakamgombania, akachimba cha pili wakamgombania, hata cha tatu hawakugombana, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Bonde letu linalijua jambo hili. Tangu miaka ya 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu, mifugo mingi imehamia Rufiji, na wakulima na wafugaji wamegombana juu ya mashamba na maji mara nyingi. Kuwaambia wapendane bila kuwapimia malisho, njia ya ng’ombe na mahali pa kunyweshea ni kuwalaza kaa wawili chumba kimoja, kisha kulaumu magando yao. Na yuko mama anayepigwa na mumewe. Kanisa likimrudisha chumbani alimoumizwa kwa jina la amani, halikuhubiri Injili. Limemwacha aliwe.

Mpaka hapo tungeweza kusema kwamba vyumba vinatosha. Lakini tumewahi kuishi vyumbani, nasi tunajua mwisho wake.

Mwaka 2017 hofu iliingia Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Viongozi wa vijiji na vitongoji walikuwa wakiuawa, na mwezi wa Aprili mwaka huo askari polisi 8 waliuawa kwa pamoja hapa wilayani kwetu. Jua lilipozama, barabara zilikuwa tupu. Watu walihama. Waliobaki walifunga milango na kusema kwa sauti ya chini. Hakuna aliyejua jirani yake anamwonaje, Mkristo kwa Mwislamu, wala Mkristo kwa Mkristo. Kwa muda fulani kujifungia kulikuwa busara, na hatuwalaumu waliojifungia.

Lawama yetu ni ya baadaye. Usharikani kwetu alikuwapo mama mjane. Kijana wake aliondoka nyumbani siku zile na hakurudi, na hakuna aliyejua kama aliuawa, alikimbia, au alijiunga na waovu. Maneno yakaanza. Mama yule alikuja ibadani Jumapili baada ya Jumapili, akakaa benchi la nyuma, na benchi lile likabaki lake peke yake. Hatukumtukana wala kumfukuza. Tulimsalimia mlangoni, tukasema tunamwombea, tukapita. Jumuiya ilipopanga zamu za kusali nyumba kwa nyumba, nyumba yake iliachwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulijiambia kwamba tunalinda amani ya usharika. Ukweli ni kwamba mwenzetu alikuwa amevuliwa gamba, laini kabisa, na sisi tulishukuru kwamba kati yake na sisi kulikuwa na mianzi.

Hapo ndipo tunapoona mpaka wa vyumba. Chumba huzuia kaa mmoja asimle mwingine, lakini hakimfanyi mmoja amsaidie mwingine. Kaa wa chumbani hunenepa kwa ajili ya mnunuzi. Hajengi uzao, wala hana atakayemkumbuka. Usharika ambao haumli mtu, lakini pia haumkaribii, unafanana na kizimba kilichotengenezwa vizuri.

Kabla hatujaondoka delta, mama mmoja kati yetu alimwuliza mzee: kama kaa wako hivyo, wanazaana vipi? Mzee akacheka, akasema hilo ndilo la ajabu. Jike linapokaribia kuvua gamba, dume hulifuata na kulibeba chini ya kifua chake kwa siku kadhaa. Jike huvua gamba likiwa pale pale chini yake. Likiwa laini, dume halili. Hukutana nalo, kisha huendelea kulifunika mpaka gamba lipate ugumu, na yeyote anayesogea hukutana na magando. Magando ni yale yale yaliyotenganishwa kwa mianzi, na njaa ni ile ile.

Hatutaki kumfanya kaa mtakatifu. Yeye hufuata silika aliyoumbiwa, nasi tunapewa amri na neema. Lakini Muumba aliyeandika hilo ndani ya mnyama mkali hivi ametuachia kielelezo. Nguvu ya kuumiza na nguvu ya kufunika zinaweza kukaa katika mkono mmoja. Bwana wetu alikuwa na uwezo wote, nao alimletea mwanamke aliyefumaniwa, amewekwa katikati, kila mtu na jiwe lake. Hakumwambia kwamba hana kosa. Alisimama kati yake na mawe mpaka mikono ilipolegea, ndipo akamwambia aende asitende dhambi tena. Kumfunika mtu si kuuficha uovu wake. Ni kumpa muda gamba lake likomae, ili aweze kusimama mbele ya ukweli bila kuliwa.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali tuliloanza nalo ni hili: nafasi ni rehema, lakini ni rehema ya njiani. Hata Isaka hakuishia Rehobothi. Abimeleki, mfalme wa nchi aliyokuwa amefukuzwa, alimfuata baadaye, nao wakala pamoja na kuapiana amani. Paulo na Barnaba walitengana kwa ugomvi mkali juu ya Yohana Marko, na huenda wakati ule kutengana kuliwafaa. Lakini mwisho wa maisha yake Paulo aliagiza aletewe Marko huyo huyo, kwa kuwa anamfaa. Mungu hutupa chumba ili tusiangamizane tukiwa wachanga. Hakukusudia tuzeekee humo.

Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, maji yakameza mashamba na nyumba, na watu wa bondeni wakatafuta pa kulala. Sasa wengi walikuwa wamevuliwa gamba kwa siku moja. Mama yule wa benchi la nyuma alifungua nyumba yake. Alilaza Waislamu na Wakristo, na miongoni mwao ilikuwamo familia ambayo miaka 7 iliyopita iliacha kumwitikia salamu. Wazee wa kanisa walipokwenda na unga na kumwomba radhi kwa niaba yetu sote, hakutuhubiria. Alisema, “Karibuni ndani, wanangu. Nafasi ipo.” Tuliingia, kwa mara ya kwanza tangu 2017, tukaketi mkekani tukiwa na aibu.

Wapendwa, kila jumuiya inaye mtu ambaye gamba lake limepasuka wiki hii: aliyefukuzwa kazi, aliyepata mimba nje ya ndoa, aliyetoka gerezani, ambaye mwanawe anasemwa vibaya. Tunaombwa tujiulize mambo matatu. Je, tumempa nafasi ya kutosha, au tumemsonga kwa maswali? Je, tumemweka karibu na wenye magando yanayomtamani, au na wale watakaomfunika? Na je, sisi wenye gamba gumu leo tunakumbuka kwamba nasi siku ya kulivua inakuja, maana hakuna akuaye bila kulivua?

Mtu huyo tukimkumbuka kwa jina, tusiishie kumwombea mbali. Zamu ya kusali ipangwe nyumbani kwake.