Kupiga Dawa Juu ya Masalia

Jino la kwanza la baba mdogo kung'oka lilinasa kwenye kipande cha michembe. Alikuwa ameketi kivulini nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Bariadi, mkoani Simiyu. Akatafuna, akasita, akalitoa mdomoni likiwa zima, halina tundu hata moja. "Mbona halikuuma?" akauliza.

Ugonjwa sugu wa fizi mara nyingi hauumi, na ndivyo unavyotuponza. Kwa miaka mitatu fizi zake zilikuwa zikitoa damu kila apigapo mswaki. Hali ilipozidi alikwenda duka la dawa kununua antibiotiki ya vidonge, "rangi mbili", akafungua kidonge na kunyunyiza unga wake kwenye fizi. Damu ilipungua siku chache, kisha ikarudi. Aliamini anajitibu.

Jino lilipong'oka ndipo akaenda hospitalini. Tabibu wa meno alipitisha kijiti chembamba chenye alama kati ya fizi na jino. Kwenye fizi nzima hakizami zaidi ya milimita 3. Kwake kilizama 7. Kisha akakwangua kipande cha ugaga mweusi, mgumu kama changarawe, akakiweka juu ya pamba nyeupe ili mgonjwa akione.

"Baba, ukishavuna pamba usipong'oa masalia, msimu ujao ukapiga dawa tu, inakuwaje?"

"Wadudu wanabaki mle mle, mwanangu."

"Basi masalia yenyewe ndiyo haya. Vijidudu wamejijengea humu, dawa haiwafikii sawasawa."

Akamweleza kuwa ipo kweli antibiotiki ya kuweka kwenye fizi, kama jeli ya doksisaiklini, inayotiwa ndani ya uwazi ulio kati ya fizi na jino na kutoa dawa taratibu kwa siku kadhaa. Lakini hutiwa baada ya kukwangua, pale ambapo bado pana kina, na hupunguza kina hicho kwa sehemu tu ya milimita moja. Kazi kubwa ni kukwangua. Unga wa kidonge husombwa na mate kabla haujazama, na kutumia dawa ovyo huwazoesha vijidudu dawa hiyo.

Baba mdogo alisafishwa meno kwa siku mbili tofauti. Damu ilikoma. Mfupa unaoshikilia meno, ulioliwa na ugonjwa, haukurudi, na meno mengine mawili yakang'olewa.

Ndugu msomaji, damu kwenye mswaki si jambo la kuzoea. Nenda ukasafishwe meno yangali imara, na ukirudi nyumbani piga mswaki asubuhi na usiku bila kuchoka. Mwenye kisukari na mvuta sigara wawahi zaidi, maana fizi zao huharibika upesi. Dawa ifuate usafi, tena kwa agizo la mtaalamu.

Mkulima wa Simiyu hapandi pamba mpya juu ya masalia ya zamani. Kinywa chake nacho kinastahili uangalifu huohuo.