Siku Tatu Bila Bafu

Treni ya Tabora ilikuwa inaingia Mpanda kesho yake, na ndani yake alikuwamo mama mkwe wangu pamoja na wageni wengine wanne wa upande wa mume wangu. Walikuja kwenye kipaimara cha binti yetu. Ulikuwa mwezi wa kumi, na mtu wa Katavi hahitaji kuelezwa mwezi huo ukoje: Mto Katuma umebaki madimbwi ya tope, viboko wa hifadhini wamebanana humo wakigombea pa kulala, na huku mjini upepo wa moto unapita na vumbi lake tangu saa nne asubuhi.

Mimi nilikuwa nahangaika na bafu. Nyumba yetu ya Makanyagio ni ya tofali za kuchoma, kama nyingi za hapa, ikapigwa lipu, na bafuni tukaweka tailizi nyeupe mpaka usawa wa kichwa. Tangu Katavi ikatwe kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, nyumba zenye bafu la namna hiyo zimeongezeka sana mtaani kwetu. Nililipenda lile bafu. Kila Jumamosi nililisugua kwa dawa ya choo, ile kali yenye asidi, mpaka linang'aa. Sikujua kwamba asidi inakula saruji. Miaka sita ya kusugua ilikuwa imekwangua grauti yote ya chini ya bomba la mvua, na mistari kati ya tailizi ikawa mifereji myeusi yenye ukungu. Sikutaka mama mkwe aione.

Nikamwita fundi, kijana mpole, akaangalia akasema, "Mama, hii nikikufanyia leo, msioge humu siku tatu."

Nikamwambia siku tatu sina. Nakulipa leo, maliza leo.

Naandika haya nikijua kosa ni langu. Kijana alisema ukweli, nami nilimshinda kwa sababu pesa ilikuwa mkononi mwangu. Alikwaruza juu juu kwa kisu, akakoroga grauti nyepesi kama uji wa mgonjwa ili iteleze haraka kwenye mistari, akapaka, akafuta kwa sponji iliyolowa chapachapa. Alipoondoka nikafungua dirisha lote na kuweka feni mlangoni, imeelekezwa ukutani. Jioni nilipogusa, pakavu. Peupe. Nikashukuru.

Kesho yake watu wanane tukaoga humo.

Dalili ya kwanza niliiona nikaipuuza: maji yaliyokuwa yanaelekea kwenye tundu la sakafu yalikuwa meupe, kama yaliyosuuza chombo cha maziwa. Baada ya wiki mbili nikapitisha kidole kwenye mstari, kikatoka na unga kama wa chaki. Wageni walikuwa wameshaondoka, sherehe ilipendeza, nikaacha.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja. Ukuta wa bafu ndio huohuo ukuta wa chumba cha watoto, na upande wao, usawa wa goti, likatokea doa. Kwanza dogo kama sahani. Halafu rangi ikaanza kuvimba na kubanduka, na godoro lililoegemea pale likawa na harufu ya gunia lililonyeshewa. Tofali la kuchoma hunywa maji na kuyapandisha juu kama utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta. Na kwa unyevunyevu wa masika, likishanywa halikauki. Mtoto wetu wa mwisho akaanza kubanwa kifua usiku. Daktari hakuanza na dawa. Aliniuliza mtoto analala wapi.

Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute fundi mwingine, mzee ambaye baba yake alifika hapa enzi za mgodi wa risasi, uliosababisha reli ivutwe kutoka Kaliua mpaka Mpanda. Aligonga tailizi moja moja kwa mpini wa mwiko. Za juu zililia kwa sauti nzito. Za chini ya bomba zililia kama debe tupu, na moja ikambakia mkononi. Nyuma yake lipu ilikuwa tope.

Nikamweleza habari ya feni. Hakunicheka. Alinitoa nje akanionyesha rundo la matofali mabichi ya jirani, akasema, "Mwanangu, lile linakauka. Maji yanatoka, linakuwa gumu. Lakini ukilimwagia maji linarudi kuwa udongo. Saruji haikauki, inaiva. Maji hayatoki, yanaungana nayo, na huko kuungana ndiko kunakoipa nguvu. Ukiyafukuza kwa upepo kabla hayajaungana, umeipakua mbichi."

Nimeishi kwenye nyumba za saruji maisha yangu yote, nimewaona mafundi wakimwagilia zege siku saba mfululizo, na sikuwahi kujiuliza kwa nini kitu kinachotakiwa kuwa kikavu kinamwagiwa maji. Nami nilikosea mara mbili kwa siku moja na nusu: mchana niliinyang'anya grauti maji yake, kisha kabla haijashika nikaimwagia maji ya watu wanane. Hata yale maji mengi ya kukorogea yalikuwa na madhara yake, kwa sababu yaliyozidi yakitoka yanaacha vitundu visivyoonekana, na humo ndimo yanamopita ya kuogea.

Mzee alibomoa tailizi za chini na lipu yake, akaacha ukuta wazi mpaka ukauke. Jirani alishauri tuingize jiko la mkaa tufunge mlango. Mzee alikataa kabisa. Moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, na chumba cha watoto kiko pembeni. Tulisubiri. Ukuta ulipokuwa tayari akapiga lipu upya, akaiacha ishike, akarudisha tailizi, na ndipo akaja na kikwaruzo cha meno ya chuma kwa zile zilizobaki. Alichimba grauti ya zamani mpaka zaidi ya nusu ya unene wa tailizi, akapiga brashi mpaka vumbi likaisha, kisha akapitisha kitambaa chenye unyevu kwenye mistari ili isinywe maji ya grauti.

Akakoroga. Hii nzito, kama siagi ya karanga, unga ukimiminwa kwenye maji kidogo kidogo. Akaiacha kama dakika kumi itulie, kama mtu anavyouacha unga wa chapati, akaikoroga tena bila kuongeza hata tone. Akaisukumiza ndani kwa kibao cha mpira, mshazari, na akafuta mshazari vilevile kwa sponji iliyokamuliwa, ili isichote kilichojazwa. Kona ambapo kuta mbili zinakutana hakuweka grauti, aliziba kwa silikoni. Alisema kila ukuta unacheza kivyake, na grauti haijui kujinyoosha.

Feni nikaificha mwenyewe. Yeye akafunga dirisha, akanipa chupa ya kunyunyizia, kila asubuhi na jioni niinyunyizie mistari ukungu mwepesi wa maji. Siku tatu tulioga uani nyuma ya turubai, kwa ndoo na kata, watoto wakifurahi na mume wangu akinung'unika. Siku ya nne mzee alikwaruza mstari kwa msumari. Haukutoka hata unga. Akaruhusu tuoge, ila tusiisugue kwa nguvu mwezi mzima, na ile dawa ya choo ibaki kwenye sinki la choo. Sabuni ya kawaida inatosha.

Mtoto tulimhamishia chumba kingine mpaka doa lilipokauka kabisa.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na yule fundi kijana sokoni. Nilimwomba radhi, nikamweleza yote, nikamwambia safari nyingine mteja akimng'ang'aniza kama mimi, akatae kazi. Akaniambia hakatai tena wala habishani na mtu. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kishikio cha koki ya bomba la mvua, cha nyumba moja ya Nsemulwa alikotoka jana yake. Atakirudisha keshokutwa.