Mwenye Kupeleka Habari

Husema mtu: "Mimi sikuzua, nimeletewa, nikapeleka." Hudhani kwamba kwa neno hili ametoka katika dhima. Je, aliyeletewa mali ya wizi akaiuza, huepukana nayo kwa kuwa si yeye aliyevunja mlango?

Tazameni, ndugu zangu, yaliyotokea Bara Hindi mwaka 2018. Ilienea kwa simu habari ya wezi wa watoto. Makundi yakawapiga wapita njia wasio na kosa hata wakafa. Wenye WhatsApp wakazuia huko ujumbe usipelekwe mahali zaidi ya 5 kwa mara moja, na mwaka 2019 wakaueneza mpaka huo ulimwenguni. Ajabu! Chombo kimetiwa lijamu, mwenye chombo hana.

Na wengi waliopeleka walitaka heri, kuwahadharisha wazazi. Hapa ndipo penye uzito wa mas'ala, kwani nia njema haimfufui aliyeuawa.

Sisi tuliosoma hadithi twajua kuuliza isnadi: umeipokea kwa nani, na huyo kwa nani? Simu huonyesha alama kwamba ujumbe umepelekwa mbele, basi. Aliyeanza haimtaji, na aliyekuletea aghalabu naye hamjui.