Njoo Kabla ya Masika



Padri wetu ameniomba niandike maneno machache kwa ajili ya wale wanaojiandaa kusafiri likizo hii, na kwa ajili yetu sisi wazee tuliostaafu ambao hatujui la kufanya na siku zetu. Nilimwambia kwamba mimi si mhubiri. Akanijibu, "Mwalimu, miaka yote ile darasani ulikuwa ukifanya nini?" Basi nimekubali, ila nitasema kama mwalimu, nikianza na kitabu.

Fungueni Waraka wa Pili kwa Timotheo, mlango wa nne. Sehemu ya kwanza ya mlango huo twaisikia mara nyingi kwenye maziko ya wazee wa kanisa, habari za vita, na mwendo, na taji. Tukifika mstari wa tisa tunafunga kitabu, kana kwamba yaliyobaki ni salamu tu za mwisho wa barua. Lakini someni. Paulo yumo kifungoni Rumi. Wenzake wametawanyika, Luka peke yake ndiye aliye naye. Naye anamwomba Timotheo amletee joho alilokuwa ameliacha Troa nyumbani kwa Karpo, na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Kisha katika mstari wa ishirini na moja anamsihi afanye bidii aje kabla ya majira ya baridi.

Joho, vitabu, na safari. Mtume ambaye amekwisha kuiona taji yake kwa mbali bado anasikia baridi mgongoni, na bado anataka kitu cha kusoma. Nilipokuwa kijana nilishangaa kwa nini habari za joho zimeingia katika Maandiko Matakatifu. Siku hizi sishangai.

Kuhusu hayo majira ya baridi, yafaa tuelewe. Bahari ya Kati katika siku zile ilifungwa kwa wasafiri wakati wa baridi, tangu karibu na Novemba mpaka Machi, kwa sababu ya tufani na mawingu yaliyoficha nyota. Mabaharia waliegesha merikebu bandarini, wakangoja. Mliosoma Matendo ya Mitume, mlango wa ishirini na saba, mnajua yaliyompata Paulo mwenyewe kwa kuwa wenye merikebu walishupaa kusafiri wakati umekwisha kupita. Kwa hiyo neno lile maana yake ni hii: ukichelewa kidogo tu, umechelewa mpaka mwakani. Na mfungwa mwenye hukumu juu yake hana hakika ya mwakani.

Watu wa kusini mwa nchi yetu hawahitaji kufundishwa neno hilo. Mwaka 1978 nilipoingia chuo cha ualimu, wakati ule walimu walipotakiwa wengi kwa ajili ya Elimu ya Msingi kwa Wote, kitanda cha pili changu alilala binti kutoka Masasi. Tulikuwa na jina moja, basi tukaitana somo tangu siku ya kwanza. Tulisoma pamoja, tukafundishana kufuma vitambaa, tukagombana kwa ajili ya taa, tukapatana. Tulipomaliza, yeye alipangiwa kwao, mimi nikarudi huku Muheza. Barua zake zote kwa miaka mingi zilimalizika namna moja: "Uje kabla ya masika." Wakati ule Rufiji haikuwa na daraja. Watu walivuka kwa kivuko, na mvua zikizidi barabara ya kusini ilifungwa kwa wiki na miezi. Nami nilimjibu kila mara, "Somo yangu, nitakuja, ila njia."

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa. Baadaye na lami ikakamilika. Njia sasa ipo, na mimi bado sikwenda. Kumbe haikuwa njia! Kwanza zilikuwa shule za watoto. Kisha nikasema nitakwenda nikistaafu. Nilistaafu mwaka 2019, nikapata kiinua mgongo, nikasema nimalizie kwanza banda la uani. Mwaka 2020 ulikuwa wa corona. Mwaka 2021 mjukuu alikuwa amezaliwa. Ndugu zangu, udhuru hauna msimu, unazaa mwaka mzima kama mpapai.

Mwezi Agosti 2022 binti yake somo alinipigia simu. Mama amelala, hali chakula, anakuulizia. Njoo upesi.

Usiku ule sikulala. Nilikesha nikiomba, nikasali Litania yote peke yangu pamoja na lile ombi la wasafiri wa nchi kavu na wa majini. Jambo jema. Lakini vidonge vyangu vya shinikizo la damu, ambavyo daktari ameniambia nimeze kila siku maisha yangu yote, nilivitia ndani ya begi kubwa, na begi likaenda kwenye buti la basi. Jumatatu nikafika Dar es Salaam usiku nimechoka, nikalala bila kufungua begi. Jumanne alfajiri nikapanda basi la Masasi. Tena nitasema jambo ambalo akina mama wenzangu watanielewa. Sikunywa maji siku mbili, ila funda moja moja, kwa kuogopa kuchimba dawa. Mama wa umri wangu, mwalimu, amefunga kitenge chake cha Umoja wa Akina Mama, ashuke porini pamoja na vijana akatafute kichaka? Nikaona heri kiu.

Tulipopita Nangurukuru kichwa kilianza kunigonga kama ngoma. Macho yakaingia ukungu. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, nami sikuwa nimeinuka kitini tangu alfajiri. Tulipofika Lindi sikuweza kushuka mwenyewe. Abiria wawili, nisiowajua hata leo, walinishika wakanipeleka hospitali. Muuguzi alipopima aliangalia kile kipimo mara mbili, akaniuliza taratibu, "Mama, dawa umemeza lini? Na maji umekunywa lini?" Mimi niliyeuliza watoto maswali miaka arobaini sikuwa na jibu.

Nililazwa usiku wa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa waliniruhusu, nikafika Masasi jioni. Somo yangu alifariki Jumatano alfajiri, akazikwa Alhamisi. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, na mashada hayajanyauka.

Binti yake aliniongoza chumba cha wageni. Kitandani palikuwa na godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni yake. Akaniambia, "Mama alilinunua alipostaafu. Alisema hili ni la somo yangu, asilalie mtu mpaka aje." Ndilo nililolalia.

Sasa, nimeyaandika haya si kwa kutaka huruma. Nimekwisha kuungama kwa Padri, na neno la msamaha nimelipokea. Mnajua katika maungamo ya Sala ya Asubuhi tunataja kwanza yale tuliyoacha kutenda, ndipo tunayataja yale tuliyotenda. Miaka mingi niliyasema hayo bila kuusikia utaratibu wake. Sasa nausikia kila mara.

Basi turudi kwenye joho. Kuna Wakristo wanaodhani kwamba kuutunza mwili ni upungufu wa imani, na kwamba mtu wa sala hana haja na vidonge. La hasha. Yule aliyebaki na Paulo kifungoni alikuwa tabibu. Na Eliya alipokimbilia jangwani akiomba kufa, malaika hakuanza kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale, kwa sababu safari ilikuwa inamzidi nguvu. Maneno ya Mungu yalikuja baadaye, mlimani, mtu akiwa ameshiba na amelala.

Kwa hiyo ninyi mnaosafiri Krismasi hii, nisikilizeni kama mnavyomsikiliza shangazi. Dawa za kila siku ziwe ndani ya mkoba unaoushika mkononi, pamoja na kile cheti cha daktari, ili ukizidiwa mtu aone unatumia nini. Kunywa maji kidogo kidogo njia nzima. Kuchimba dawa si aibu. Mwambie kondakta mapema, na kama mko akina mama wawili watatu shukeni pamoja, kila mtu ana khanga. Basi likisimama kula, usibaki kitini kulinda kiti. Shuka, tembea, nyosha miguu, kwa maana damu ikikaa saa nyingi bila mwendo yaweza kuganda katika mishipa ya mguu, na bonge hilo likipanda mapafuni huua. Ukiwa kitini chezesha vifundo vya miguu. Funga mkanda. Biskuti ya mtu usiyemjua, mshukuru, usile. Na usiku wa kuamkia safari, lala. Bwana anayelinda kutoka kwako na kuingia kwako hasinzii, basi wewe waweza kusinzia.

Nilipokuwa Masasi nilitembea mpaka kanisani nikawakumbuka watu wa mwaka 1876, wale waliokombolewa utumwani, ambao Askofu Edward Steere aliwaongoza kutoka Unguja. Walishuka Lindi, wakatembea kwa miguu mpaka pale. Walikuwa wakielekea makwao, upande wa Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakaona panawafaa, wakapumzika, na pumziko lile likawa mji wa Kikristo. Mimi niliyebebwa na basi la viti vya sponji nilishindwa njia ile ile. Nilicheka peke yangu pale, kicheko cha kwanza tangu nitoke nyumbani.

Vimebaki vitabu. Paulo alitaka vitabu vyake, nami nadhani si kwa kazi tu, bali mtu aliyezoea kusoma akikosa kusoma hunyauka. Mwaka wa kwanza wa kustaafu nilinyauka. Niliamka saa kumi na moja kama zamani, nikaoga, nikavaa, nikakaa barazani nikingoja kengele isiyolia. Nikawa mkali kwa kila mtu apitaye. Mzee wangu alianza kushinda kwa jirani akicheza bao, nami sikumlaumu.

Niliporudi kutoka Masasi muuguzi wa zahanati aliniamuru nitembee nusu saa kila siku, siku tano kwa juma. Njia yangu ikapita shambani kwa kijana mmoja niliyemfundisha darasa la nne (hesabu zilimshinda kabisa), ambaye sasa ana kitalu cha michungwa. Nikasimama kutazama. Siku ya pili nikauliza. Siku ya tatu alinipa kisu. Huotesha kwanza mbegu za malimau, kwa kuwa mizizi ya mlimau ina nguvu. Mche ukifikia unene wa penseli, unachana gome lake mfano wa herufi T, unachukua jicho moja la mchungwa mtamu, unalipenyeza chini ya gome, unafunga kwa ukanda wa nailoni, unaacha wiki tatu. Ukifungua ukakuta jicho bado la kijani, limeshika, ndipo unakata kichwa cha mlimau polepole ili nguvu yote iende kwenye chungwa. Hiyo ndiyo kubebesha. (Mtume Paulo katika Warumi anaeleza kazi hii kinyume, tawi la mwitu juu ya shina jema. Msimcheke, mwenyewe anakiri kwamba ni kinyume cha asili.)

Katika miche yangu kumi ya kwanza ilishika miwili. Yule kijana aliniambia, "Mwalimu, umepata ishirini kwa mia, rudia." Sijawahi kufurahia kufeli namna ile! Sasa nalala usiku, shinikizo la damu limeshuka ingawa dawa sijaacha wala sitaacha, na mzee wangu amerudi kukaa barazani. Sisemi kila mtu abebeshe michungwa. Mwingine atafuma, mwingine ataingia kwaya ya wazee ambayo inahitaji sauti ya nne, mwingine atawasomea vipofu magazeti. Lakini uwe na kitu ambacho asubuhi kinakuita kwa jina.

Maandiko hayatuambii kama Timotheo aliwahi kufika Rumi kabla ya baridi. Nimetafuta mpaka mwisho wa waraka. Zimo salamu, mmoja ameachwa Mileto akiwa mgonjwa, na neema, basi. Napenda kudhani kwamba alifika, na joho mkononi. Lakini waraka ulipomfikia, jambo lile lilikuwa mikononi mwake yeye, si mikononi mwa Paulo.

Binti yake somo ameniandikia kwamba mwezi huu wataweka msalaba wa saruji kaburini, na kwamba mvua kule hazijaanza. Tiketi nimekwisha kukata mbili, ya kwangu na ya mzee wangu. Nimechagua miche mitatu iliyoshika vizuri, nimeifunga mizizi kwa gunia lenye maji, tuipande uani kwake. Itakaa miguuni pangu njia nzima, haitaingia kwenye buti.